Mwaka Nilipomwigiza Bibi Angali Hai

Mama mkubwa alipofariki mwezi uliopita, kazi ya kupanga vitu vya chumbani kwake niliachiwa mimi. Watoto wake walisema, "Ester, wewe ndiye unayekijua chumba hiki," na kweli nilikijua, maana nilikaa humo mwaka mzima nikiwa kidato cha tatu, nikilala kitanda cha pili chini ya dirisha, pale pale Mandewa, mjini Singida. Chini kabisa ya sanduku, ndani ya mfuko wa plastiki, nikakuta daftari langu lenye mchezo wa kuigiza, mwandiko wangu mwenyewe, wino umefifia. Nikakaa sakafuni. Yule mama hakuwahi kunisifia hata siku moja kwa ajili ya mchezo ule. Aliniambia mara moja tu kwamba nimewatia watu aibu, akafunga mjadala. Kumbe miaka arobaini na kitu yote kalitunza! Nilicheka peke yangu, kisha nikalia, kisha nikaona heri niandike, maana tuliokuwepo ukumbini siku ile tunazidi kupungua, na mimi mpaka leo sijaacha kustaajabu.

Habari za ukoo naziruka. Inatosha mjue kwamba bibi yangu mzaa mama, wa Kinyangiri, alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa ni huyu wa Mandewa, aliyeitwa Mama Yona. Mdogo ni mama yangu, aliyekuwa na mgahawa Shelui, akiwapikia madereva wa malori. Na hawa wawili hawakuwa wanasemezana, mwaka wa sita huo. Sababu ni mazishi ya babu. Babu alifariki Kinyangiri, mama akapelekewa habari Shelui, akadandia lori la kwanza alilopata, na lori likafa katikati ya mlima Sekenke. Alipofika msibani, jua linaelekea kuzama, alikuta kaburi limeshafunikwa na watu wananawa mikono. Saa mbili tu! Saa mbili ndizo zilizomkosesha kumuaga baba yake. Akamuuliza dada yake, "Mmeshindwa kunisubiri?" Mama Yona akajibu, "Tumeshindwa," wala hakuongeza neno. Tangu siku hiyo mama hakumtamkia dada yake kitu, hata salamu.

Mtauliza nilifikaje kuishi kwa mtu asiyesemezana na mama yangu. Bibi ndiye aliyeamua. Shule iko mjini, nyumba ya Mama Yona iko mjini, mtoto atakaa pale, kwisha maneno. Kwa bibi hakukuwa na kubishana. Matokeo yake mimi nikawa posta. Mama alikuwa anakuja mjini kununua vitunguu na mafuta ya alizeti, anaingia uani, anakaa kwenye kigoda, na Mama Yona yuko hatua tatu tu kutoka pale, anapepeta uwele. "Ester, mwambie mwenye nyumba nimeleta kuku wawili." Mama Yona hainui kichwa. "Ester, mwambie mgeni ahsante, na akae ale." "Ester, mwambie nimeshiba." "Ester, muulize kashiba nini, mbona midomo imemkauka?" Nami nimesimama katikati narudia kila neno kwa sauti, kana kwamba wale watu ni viziwi. Halafu tunakaa wote watatu kwenye mkeka, ugali wa uwele katikati na bakuli la mlenda pembeni, na mikono yao inapishana bila kugusana. Nilikuwa nawaangalia vidole. Walikuwa wanamega tonge kwa namna moja, wanalibonyeza kwa dole gumba upande ule ule, wanalizungusha mara mbili kwenye mlenda. Mtu aliyewalea alikuwa mmoja, ungemwona palepale kwenye vidole. Mimi nilikuwa nashindwa kula.

Likizo ya mwezi wa sita nikaenda Kinyangiri kwa bibi. Sasa, mimi na bibi tulikuwa watani, kama ilivyo kwetu kati ya bibi na mjukuu wa kike. Babu ni mume wangu, kwa hiyo bibi ni mke mwenzangu, na mke mwenza unaweza kumwambia chochote. Nilimkuta uani anabangua karanga. Nikapiga magoti, shikamoo bibi, marahaba, na salamu ilipokwisha tu na heshima ikaishia hapo. "Umekuja kunisaidia kuni au umekuja kunirithi?" "Nimekuja kuangalia kama umeshakufa, nichukue kanga zako." "Zile nzuri nimezificha. Utabaki na za kudekia." Basi tunacheka mpaka kuku wanakimbia. Na utani huo una mwisho wake, nao ni mazishini. Bibi akifa, mjukuu ndiye anayevaa kanga ya marehemu, anashika fimbo yake, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anawasema waombolezaji kama ambavyo angewasema yeye, mpaka watu wacheke na machozi yangali usoni. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Ni haki ya mjukuu, na ni kazi yake.

Siku ile, karanga zikiwa mapajani, bibi aliacha utani ghafla. "Mke mwenzangu, mimi kufa siogopi. Ninachoogopa ni hawa wawili. Watasimama kila mmoja upande wake wa kaburi, na wewe katikati unapeleka salamu." Nikajaribu kucheka, yeye hakucheka. "Nataka wasemezane nikisikia kwa masikio yangu haya. Hata kama ni matusi, watukanane, lakini uso kwa uso. Nikishasikia, nitakwenda zangu." Nikamwambia nitajaribu kuwapatanisha. Akanitazama juu mpaka chini, msichana wa kidato cha tatu mwenye magoti ya vumbi, akasema, "Wewe kifaranga?" Kabla sijaondoka nikamuomba kanga moja. Akanipa ile ya kahawia aliyokuwa anaifunga kila siku. Nilimwambia naitaka kwa ajili ya shule. Hakuuliza zaidi, na mimi sikueleza zaidi, maana nilitaka ashangae.

Kwa shule ilikuwa hivi. Tulikuwa na mwalimu wa Kiingereza aliyetoka Ayalandi, Madamu Nora, mwanamke mrefu ambaye jua na upepo wa Singida vilimbabua pua tangu Januari mpaka Desemba. Kabla ya likizo ile alituletea mchezo ulioandikwa na jirani wa mama yake kijijini kwao, umepigwa taipu kwenye karatasi nyepesi zilizokunjwa kunjwa. Haukuwa kwenye vitabu. Humo mna jiko moja, mama mzee mmoja, na mabinti zake watatu, na mvua nje ya mlango haikatiki toka mwanzo hadi mwisho. Tukaambiwa tuutafsiri wenyewe, mstari kwa mstari, ili wazazi wetu wauelewe siku ya kufunga mwaka. Jamani, tulivyoshangaa! Tuliambiwa kule watu wanachimba udongo, wanaukausha, wanauchoma, na unawaka. Udongo! Nusu ya kipindi iliishia hapo. Halafu tukafika kwenye msiba. Mama mzee anafariki mwanzoni kabisa, analazwa palepale jikoni, na majirani wanakuja, wanakunywa chai, wanasimulia vituko vya marehemu, wanacheka. Madamu Nora akaanza kutufafanulia taratibu, kwa woga kidogo, akidhani tutachukizwa. Darasa zima tukapiga kelele, "Kumbe na wao wana watani!" Hakuelewa tumefurahia nini. Na mimi nilikaa pale nimeshika kalamu, mwili unanisisimka, nikiwaza kwamba kuna mwanamke nchi ya mvua ambaye hajawahi kusikia jina la Singida, na ameandika mambo ya nyumbani kwetu.

Maana hayakuishia hapo. Yule mama akishakufa haondoki jukwaani. Anainuka kutoka chini ya shuka, anakaa kwenye kiti chake karibu na moto, na mabinti hawamwoni. Wanagombana mbele yake: nani alipendwa, nani alikimbia nyumbani, nani alibaki kumwuguza. Yeye anawajibu, lakini watazamaji tu ndio wanaomsikia. Nafasi hiyo nilipewa mimi kabla hatujafunga, na mazoezi yakaanza tuliporudi likizo. Mwanzoni niliharibu. Nilikuwa natetemesha mikono na kukunja mgongo, kama mtoto yeyote anavyoigiza mzee. Madamu Nora aliniangalia siku tatu, ya nne akasema kwa Kiswahili chake, "Huyu mzee si mtu. Mzee gani unajua wewe? Leta yeye hapa." Basi nikamleta. Bibi alikuwa na tabia ya kujipiga mapaja mara mbili kabla ya kusema. Alikuwa anakohoa kikohozi kifupi cha kumkatiza mtu. Akisikia uongo, anajivuta sikio. Akitembea, mkono mmoja anauweka mgongoni. Nikafunga ile kanga ya kahawia, nikajipiga mapaja, nikakohoa. Zainabu, rafiki yangu, binti wa mfanyabiashara wa sokoni, aliyekuwa anaigiza binti mkubwa, aliniambia tukitoka, "Ester, nimeogopa, haki ya Mungu. Ulikuwa haupo." Nilivimba kichwa wiki nzima. Kumbe palepale ndipo nilipokosea, na hakuna aliyeniambia, maana wa Kinyangiri darasani nilikuwa peke yangu.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye bwalo la shule, madawati yamepangwa, bati linatoa joto. Bibi alikuja na lori la mahindi. Nilimwona kwa kupitia upenyo wa pazia amekaa mstari wa mbele, mama kulia kwake, Mama Yona kushoto, na hao wawili kila mmoja anatazama ukuta wake. Nyuma yao kulikuwa na kundi la kina mama wa Kinyangiri waliokuja na lori lile lile. Tukaanza. Wenzetu nyuma ya pazia wakatikisa mtama kwenye ungo, na mvua ya Ayalandi ikanyesha Singida. Nikaumwa, nikafa, wakanifumba macho, wakanifunika shuka. Kisha nikaamka kutoka chini ya shuka, nikiwa na kanga ya kahawia, nikatembea mkono mgongoni, nikakaa. Nikajipiga mapaja mara mbili. Nikakohoa.

Ukumbi ulicheka, halafu kicheko kikakatika kuanzia mstari wa mbele kwenda nyuma. Nikasikia mama mmoja wa Kinyangiri, hata hakunong'ona, "Si bibi yake huyo anayemwigiza? Na mwenyewe yule pale, mzima!" Ndipo nikaelewa. Kila kitu anachofanya mjukuu siku ya mazishi nilikuwa nakifanya, kanga, mwendo, kikohozi, baada ya kifo, mbele za watu, na bibi yu hai amenikodolea macho. Kwa watu wetu hilo ni kumwita mtu kaburini. Mama alisimama, kilemba kimemdondoka. "Ester! Shuka hapo! Unamchuria mama yangu!" Na wakati uleule Mama Yona naye amesimama: "Vua hiyo kanga! Vua!" Sauti zao zilitoka pamoja. Wakageukiana. Na posta hakuwepo, posta alikuwa jukwaani, amekufa. Mama Yona akamwambia mama, usoni kabisa, "Huyu ni mwanao! Umemfundisha nini?"

"Mimi? Anakula kwako, analala kwako!"

"Kwangu hakujifunza kuzika watu wangali hai!"

"Kwako kajifunza kuzika watu haraka!"

Lo! Wale nyuma ya pazia walikuwa wameacha hata kutikisa mtama. Na bibi akainuka. Alishika fimbo, akapanda zile ngazi mbili za jukwaa bila kusaidiwa, akaja moja kwa moja mpaka niliposimama. Nilifumba macho kusubiri kofi. Akasema, "Sogea, mke mwenzangu." Akakaa kwenye kiti changu, kile cha marehemu, akaweka fimbo magotini. Akajipiga mapaja mara mbili. Akakohoa. Watu waliguna, maana sasa waliona bibi wangu wa jukwaani alikuwa wa kuiga na mwenyewe ndiye huyu. Kisha akawaambia mabinti zake, kwa sauti ya kawaida kama anaomba maji, "Semeni. Mimi nimekufa, nawasikiliza."

"Mama, usiseme hivyo," Mama Yona akalia.

"Maiti haongei na mtu. Ongeeni ninyi."

Mama Yona akasogea mpaka karibu na jukwaa, mama akamfuata, nadhani ili ukumbi usisikie, lakini mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya kiti na nilisikia kila neno. "Alikuwa amevimba," Mama Yona alisema. "Tumbo, uso, mikono. Wanaume walitaka kuzika tangu saa nne asubuhi. Mimi ndiye niliyewazuia mpaka saa kumi. Nimekaa naye, nimemfunika kitambaa, natazama njia. Halafu nikawaza, huyu akifika atataka kumfunua. Baba alikuwa anakubeba wewe mabegani kwenda mnadani, siyo mimi. Nikasema, huyu asimwone hivi. Nikawaambia, zikeni."

Mama alikuwa ameshika ukingo wa jukwaa. "Miaka sita, dada. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia vipi? Nikikuambia, si ungemwona?"

Mama alikaa chini palepale, kwenye saruji, nguo yake nzuri yote. Hakulia kwa sauti. Mama Yona akakaa kando yake, na kwa muda mrefu walikaa hivyo, mabega yamegusana, mbele ya wazazi, walimu na mkuu wa shule. Nimeona mambo mengi tangu siku hiyo. Nimezaa, nimezika, nimefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini. Sijaona kitu kilichonijaza hofu na heshima kama wale wanawake wawili wamekaa sakafuni. Mtu alibebeshwa lawama miaka sita na akainyamazia, ili mdogo wake abaki na baba mzuri kichwani. Na mimi nilikuwa nakula naye kila siku, nikimwona ana roho ngumu! Bibi aliwatazama toka juu kwenye kiti. Hakuwapongeza wala hakuwafariji. Alijivuta sikio kidogo, akageukia wenzangu waliokuwa wamesimama kama nguzo, akawauliza, "Nyie mabinti wa Kizungu, mbona mmenyamaza? Gombaneni, niwajibu."

Na aliwajibu, haki ya Mungu. Alikataa kushuka. Zainabu na wenzake walisema maneno yao kwa kutetemeka, na bibi akayajibu kwa Kinyiramba, mengine kwa Kiswahili, na majibu yake yalikuwa matamu kuliko yaliyoandikwa. Mimi nilikaa miguuni pake nimepoteza kazi. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Mwisho Madamu Nora alikuja amepiga makofi mpaka viganja vyekundu, akaniuliza, "Nani ameandika ile sehemu ya mama wawili? Nzuri sana!" Nikamwambia tuliongeza kidogo. Sikuwa na ubavu wa kueleza.

Bibi alifariki wiki chache baadaye, mvua zilipoanza. Wapo waliosema nilimchuria, na wengine walisema nikisikia. Mimi nilikuwa na jambo lingine moyoni, kwamba alisema akishasikia atakwenda zake. Tukatuma habari Shelui kwa dereva wa lori. Tulikuwa Kinyangiri, kaburi limechimbwa, saa tisa imefika, mama hajaonekana, na kila anayetoka njia ya Iguguno anasema Sekenke imemeguka kwa mvua, malori yamelala huko huko. Wazee wakasema tuzike. Waliniita nivae kanga nifanye kazi yangu. Nikawaambia sianzi mpaka wawe wawili. Mama Yona hakubishana na mtu. Alichukua mkeka, akautandika kwenye ukingo wa kaburi, akakaa na kunyoosha miguu.

Mchungaji akamjia kwa upole. "Mama Yona, yatazame mawingu hayo."

"Nimeyaona, mchungaji. Anayetaka kuzika aanze na mimi."

Mazishi yakaahirishwa, watu wakalala pale pale msibani, Mama Yona ndani kando ya maiti. Asubuhi, saa mbili na nusu hivi, tukamwona mama anatokea upande wa mashamba ya alizeti, ametembea sijui maili ngapi, tope mpaka magotini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alisimama mwisho wa ua. Hakuthubutu kutazama upande wa makaburi, alikuwa anatutazama sisi nyuso, atusome. Mama Yona akatoka ndani, akasimama mlangoni, amekunja mikono.

"Umechelewa," alisema.

"Najua, dada."

Sijui nani alianza. Walicheka, hao wawili, hatua tatu kati yao, mwili wa mama yao uko ndani, walicheka mpaka Mama Yona akashika mlango na mama akachuchumaa kwenye tope, na waombolezaji wakabaki wanatazamana. Kisha Mama Yona akashuka uani, akapiga magoti mbele ya mdogo wake, akamvua kile kiatu kilichobaki, akamfuta miguu kwa kanga yake mwenyewe.

"Ingia," akamwambia. "Anakusubiri."